Kifurushi cha Idi kutoka Tanga hadi chuoni Dodoma: kipi kinafika salama na kipi kibaki nyumbani

Swali: Binti yangu yuko mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dodoma, sisi tuko Tanga. Idi el-Fitri itamkuta chuoni. Mwaka jana nilimtumia kwa basi pilau ya kuku ndani ya hotpoti, visheti na chupa ya achari. Pilau ilifika imechacha, visheti vimeshikana donge moja, na achari ilipasukia ndani ya boksi ikaharibu hadi dera lake. Mwaka huu nimfungashie nini, nifunge vipi, na nitume siku ngapi kabla? Chumbani wako wanne, wawili si Waislamu. (Mama wa mwanafunzi, Tanga)

Jibu: Mama, pole kwa dera, na pole zaidi kwa kazi ya jikoni iliyoishia kumwagwa. Vitu vyote vitatu viliharibika, kila kimoja kwa njia yake: pilau kwa kukaa vuguvugu muda mrefu, visheti kwa maji yaliyobaki ndani yake, na achari kwa hewa iliyokosa pa kutokea. Ukielewa sababu hizo, kifurushi cha mwaka huu kitafika kizima.

Nianze na pilau, kwa sababu hiyo ingeweza kumlaza mtu hospitali. Ukipika saa nne usiku, ukaipakia kwenye basi la saa 12 asubuhi, likapita Segera, Chalinze, Morogoro na Gairo hadi kuingia Dodoma saa 11 jioni, chakula hicho kimekaa saa 19 tangu kiive. Akienda kukichukua na kurudi chuoni, zimefika saa 21 au 22. Hotpoti hushika joto saa chache tu, kisha chakula huwa vuguvugu. Kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi ndipo vijidudu huzaana haraka, na buti la basi lililopigwa jua mchana kutwa liko humo humo. Mchele una hatari ya peke yake: una mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus ambazo haziuawi na kuchemka kwa sufuria. Wali ukikaa vuguvugu, mbegu hizo huamka, huzaana na kuacha sumu. Sumu hiyo haiondoki hata wali ukipashwa moto upya, na mtu huanza kutapika ndani ya saa 1 hadi 6 baada ya kula. Kwa hiyo hata kama ingefika bila harufu yoyote, isingefaa kuliwa. Kuku ndani yake huongeza tatizo juu ya tatizo.

Chochote cha sufuria kisipande basi: pilau, biriani, mchuzi, wala wali wa nazi. Sambusa za nyama, viazi karai na mkate wa mchele nazo zibaki. Mahamri na chapati hazina hatari kubwa siku ya kwanza, ila Idi haitakuwa siku hiyo. Ya tatu yake zina ukungu au zimekauka kama ngozi.

Lakini Idi bila pilau haiwi Idi, najua. Basi mtumie viungo vya pilau na hela ya nyama. Kwa kila kilo ya mchele, chukua bizari nyembamba vijiko viwili vya chakula, pilipili manga nzima kijiko kimoja cha chai, karafuu nane, iliki nane na vijiti viwili vya mdalasini. Vikaange bila mafuta kwa moto mdogo mpaka vinukie, acha vipoe kabisa, visage, kisha vitie kwenye kikopo kidogo kikavu. Vikisagwa vikiwa na joto, unga hushika unyevu na kuganda. Mchele, vitunguu na nyama vinapatikana Dodoma, hakuna haja ya kuvisafirisha. Hosteli nyingi za vyuo haziruhusu kupika chumbani, kwa hiyo apange mapema na wenzake waliopanga geto mtaani wapikie huko. Pilau iliyopikwa asubuhi ya Idi na watu sita waliochanga ni salama, na ina raha yake.

Sasa visheti. Vilivyoshikana viliponzwa na mambo mawili, na huenda yote mawili yalikupata. La kwanza ni kukaanga kwa moto mkali: nje vinapata rangi haraka, ndani unga unabaki laini. Ule ulaini ni maji, na yakikaa kwenye kopo lililofungwa hutoka nje taratibu na kuyeyusha sukari. Kaanga kwa moto wa wastani mpaka mdogo, usijaze karai, geuza mara kwa mara. Toa kimoja, acha kipoe, kivunje. Kikilia kwa mlio mkavu na katikati pasipokuwa na rangi tofauti na pembeni, vimeiva kwa safari.

La pili ni shira. Wengi wetu tumezoea kukamulia ndimu kwenye shira, na kwa kaimati ni sawa kabisa, kwani tindikali ya ndimu huizuia sukari isigande na kaimati hubaki zikimeremeta. Kwa visheti vya safari tunataka kinyume chake: sukari igande iwe nyeupe na kavu. Kwa hiyo usitie ndimu wala asali. Kwa visheti vya kilo moja ya unga, chemsha sukari nusu kilo na kikombe kimoja cha maji, robo lita hivi. Mapovu yatakuwa mengi na mepesi mwanzoni, kisha yatakuwa makubwa na mazito. Dondosha tone kwenye bakuli la maji baridi: likitawanyika, bado, likikusanyika kidonge laini unachoweza kukibonyeza kwa vidole, tayari. Tia iliki, epua sufuria, mimina visheti vyote, na koroga bila kuacha mpaka shira ipoteze mng'ao, iwe nyeupe na visheti vianze kugongana. Hapo ndipo akina mama wengi huacha mapema, mkono ukichoka. Ukiviona bado vinang'aa, havijakauka, endelea.

Vitandaze kwenye sinia visilaliane, na vikishapoa kabisa vifunge mara moja. Hili la mara moja ni muhimu kwa watu wa Tanga kuliko kwa watu wa bara. Hewa ya pwani imejaa unyevu, na sukari kavu huuvuta. Visheti vikilala wazi kwenye sinia usiku mmoja, asubuhi vinanata, hata kama jana yake vilikuwa safi. Fanya kazi hiyo mchana wa jua, usifanye usiku wala siku ya mvua. Upande wa pili usivifunge vikiwa na joto lolote: mvuke utageuka matone chini ya mfuniko, na matone yatarudi juu ya sukari. Pima kwa kuingiza mkono katikati ya rundo, si juu yake. Kwa bahati nzuri hewa ya Dodoma ni kavu, vikifika vizima vitaendelea kuwa vizima.

Vileja vinasafiri vizuri kwa upande wa kutoharibika, ila ni vyepesi kuvunjika. Nusu kilo ya unga wa mchele, robo kilo ya samli, robo kilo ya sukari iliyosagwa laini, viini vitatu vya mayai na kijiko cha chai cha iliki vinatosha kwa kilo moja hivi. Tumia samli, usitumie margarini, maana margarini ina maji ndani yake na samli karibu haina. Vifanye vidogo kuliko vya kuwekea wageni, unene wa kidole, kwa sababu kileja kipana hukatika katikati. Vikitoka kwenye oveni au mkaani usiviguse. Vikiwa na moto ni laini na hubomoka, vikipoa juu ya trei yenyewe hushikamana. Vipange kwenye kopo gumu la bati au la plastiki, safu kwa safu, kila safu ikitenganishwa na karatasi nyeupe safi. Gazeti lisiguse chakula, wino wake hutoka na kuingia kwenye samli. Nafasi ikibaki juu, ijaze kwa karatasi iliyokunjwakunjwa mpaka ukitikisa kopo usisikie kitu kikitembea. Kileja kinachotembea ndani ya kopo kutoka stendi ya Kange hadi Dodoma kinafika unga.

Vingine nitavipitia haraka. Halua hukaa wiki mbili bila taabu kwa sababu sukari yake nyingi imeyashika maji. Kashata za karanga ni salama. Kashata za nazi ni tamu zaidi lakini nazi mbichi ina maji mengi, kwa hivyo ikaushe kwanza kikaangoni kabla ya kutia sukari, na mwambie azile ndani ya siku tano. Karanga na korosho chambua kwa mkono, tupa zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi. Sumu ya ukungu huo haiondoki kwa kukaanga. Ziweke kwenye kopo lake, mbali na vileja, ili kama chumbani yupo ambaye karanga zinamdhuru asipate mabaki yake kwenye chakula kingine. Tende ziwe kavukavu, si zile zinazotoa asali. Mzigo utafika Ramadhani ikiwa bado haijaisha, hivyo tende atazifuturia.

Binti wa Tanga aliyekaa Dodoma miezi mitatu anakumbuka samaki kuliko biskuti. Samaki mzima wa kukaanga, kibua au changu, asitumwe, kwani nyama ya ndani ina maji na atachacha njiani. Dagaa wanafaa: waoshe, wakaushe juani mpaka wakatike kwa vidole, wakaange wakolee, watie chumvi na pilipili ya unga, wasiguswe na ndimu. Wakipoa, wafunge kwenye kopo la mfuniko wa kuzungusha, kisha kopo hilo ulitie kwenye mfuko mwingine uliofungwa. Harufu ya dagaa huingia kwenye samli haraka sana, na vileja vyenye ladha ya dagaa havina mwenyewe.

Machungwa ya Muheza, ikiwa ni msimu wake, yasiwekwe pamoja na vitu hivi. Tunda bichi linapumua na kutoa unyevu saa zote, na moja likibonyea limelowesha mzigo mzima. Yakiwa lazima, yawe kwenye kiroba chake, na ulipie mizigo miwili.

Achari ilipasuka kwa sababu bado ilikuwa inafanya kazi. Achari changa huendelea kuchachuka na kutoa hewa. Kwenye chupa iliyojazwa hadi shingoni hewa hiyo haina pa kwenda, na joto la buti likaisukuma zaidi. Chagua iliyokaa angalau wiki tatu na isiyotoa vipovu ukiitikisa. Itie kwenye kopo la plastiki la mdomo mpana, acha vidole viwili vya nafasi juu, tandika kipande cha plastiki safi mdomoni kisha kaza mfuniko. Ligeuze kichwa chini usiku mzima juu ya karatasi. Karatasi ikiwa kavu asubuhi, litasafiri. Hata hivyo lifunge ndani ya mfuko wake, na lisikae karibu na nguo. Mafuta ya nazi yafuate utaratibu huo huo. Huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo hata ukiyafunga yakiwa yameganda, kwenye buti yatakuwa maji matupu.

Boksi liache. Boksi la dukani huwekwa chini ya viroba vya mchele na masanduku ya abiria, likilowa kidogo linakunjika. Nunua ndoo mpya ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko. Haibonyei, haipitishi maji, ina mkono wa kubebea kwenye daladala, na mzigo ukishaliwa inabaki kuwa ndoo ya kuhifadhia maji, jambo ambalo mwanafunzi wa Dodoma hatalikataa. Sisimizi na panya wa hosteli nao hawaifungui. Mfuko wa plastiki wa kubebea usiuwazie hata kama ganda la nje, umepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019.

Chini kabisa tandika karatasi iliyokunjwakunjwa. Juu yake weka vizito: tende, halua, korosho, na kopo la achari likiwa wima na limebanwa pande zote. Katikati weka makopo ya visheti, la dagaa na kikopo cha viungo vya pilau. Juu vikae vileja na kashata, kisha dera jipya likiwa ndani ya mfuko wake, lijaze nafasi yote iliyobaki. Visheti kilo mbili, tende kilo moja, vileja kilo moja, halua kilo moja, kashata, korosho, dagaa na achari nusu kilo kila kimoja, nguo kilo moja, na ndoo pamoja na makopo kilo moja na nusu: jumla ni kilo tisa na nusu. Usizidishe. Kuna mtu atakayeibeba kutoka stendi hadi chumbani, na milima ya chuo kile anaijua yeye.

Kwa wenzake wa chumbani, gawa visheti kilo moja kwenye vifungu vitatu tangu nyumbani, kila kimoja na jina lake. Akigawa mwenyewe kutoka kopo moja, la kwake litaisha siku ya kwanza kwa aibu ya kumnyima mtu. Na wale wawili wasio Waislamu wasisahaulike. Krismasi huwa inajibu.

Kabla ya kufunga, bandika upande wa ndani wa mfuniko karatasi yenye orodha ya vitu na mpangilio wa kuvila: kashata za nazi kwanza, kisha dagaa, visheti, na vileja mwisho. Orodha hiyo pia itamwonyesha kama kuna kilichopungua. Zungusha selotepu mfuniko mzima mara tatu, kisha funga kamba ya katani kwa msalaba ikipita chini ya ndoo. Andika kwa kalamu ya wino mzito pande mbili za ndoo na juu ya mfuniko: jina la binti kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, namba zake mbili za simu, namba yako, na neno DODOMA kwa herufi kubwa. Usiandike kwenye karatasi peke yake, karatasi hubanduka.

Kati ya basi na Posta, kwa chakula ninakushauri basi, kwa kuwa linafika siku hiyo hiyo. EMS, huduma ya haraka ya Posta, ni nzuri kwa vyeti na hati, maana ina namba ya kufuatilia. Ukifika ofisi ya basi, uliza kwanza kama gari linakwenda moja kwa moja hadi Dodoma. Mzigo unaoshushwa Chalinze au Morogoro kusubiri gari jingine ndio unaopotea. Uliza pia ofisi yao ya Dodoma iko wapi, kama ni ndani ya stendi kuu ya Nanenane au kwingine mjini, inafungwa saa ngapi, na mzigo ukilala wanatoza kiasi gani. Bei haina kipimo kimoja, hutegemea ukubwa na maelewano, basi elewana kabla hawajaupokea. Sema wazi kuwa ndani ni chakula kikavu na nguo, taja thamani yake, na hakikisha yote yameandikwa kwenye risiti. Piga picha risiti, ndoo na namba ya gari, mtumie binti kwa WhatsApp, na omba namba ya simu ya wakala wa Dodoma. Usimkabidhi kondakta mkononi bila risiti, hata kama ni mtu unayemfahamu. Pesa taslimu, simu na kibiriti visiwemo.

Usijaribu kumshtukiza. Mzigo wa basi unachukuliwa kwa simu, kitambulisho na picha ya risiti. Asiyejua kuwa ana mzigo hapokei namba ngeni. Gari likiingia jioni sana, achukue kesho yake asubuhi. Ukifunga hivi nilivyoeleza, ndoo haitadhurika kwa kulala ofisini usiku mmoja, na hakuna sababu ya binti kuzunguka stendi peke yake saa nne usiku.

Kuhusu siku ya kutuma: Idi inategemea kuandama kwa mwezi, mfungo unaweza kuwa siku 29 au 30, na kuanzia tarehe 27 Ramadhani mabasi hujaa abiria wanaokwenda makwao, buti hujaa mizigo yao, na vifurushi huachwa visubiri gari la kesho. Kwa hiyo lenga tarehe 24. Kaanga na uoke tarehe 21, funga kwenye makopo siku hiyo hiyo, na kila aina bakiza kidogo kwenye kikopo cha majaribio. Kifungue tarehe 23. Visheti vikiwa vimenata au kuna matone chini ya mfuniko, bado una siku ya kuvitandaza upya na kuvikausha kwa moto mdogo. Vikiwa sawa, panga ndoo jioni hiyo na upeleke stendi ya Kange alfajiri ya tarehe 24.

Sikukuu ya Idi el-Fitri ni siku mbili za mapumziko, hazimtoshi kwenda Tanga na kurudi, kwa hiyo atakuwa chuoni na hela ya nyama ataihitaji. Itume kwa simu baada ya mwezi kutangazwa, usiku ule ule, na utume na ya kutolea. Ukisubiri asubuhi ya Idi, mawakala wengi watakuwa wamefunga wamekwenda kuswali, na buchani foleni imeshakuwa ndefu.